Kadi Iliyosema Iko Algeria

Jumatatu ya pili ya Januari, saa nne asubuhi, Ikram alihamisha kompyuta yake mpakato kutoka chumbani hadi jikoni, kwa sababu baridi ya Oujda, mji wa Moroko ulio karibu na mpaka wa Algeria, mwezi ule haina adabu na jikoni ndiko kulikokuwa na moto. Aliiweka juu ya meza ya duara, ng'ambo ya jiko, mahali mama yake alipokuwa akimenya karoti. Akajimiminia chai, akaanza kutafsiri mkataba wa watu wa mabomba. Mtandao ukakatika. Alizima kompyuta, akaiwasha, akaizima tena. Alama ya waifai ilibaki imepigwa msalaba.

"Si nilikwambia," alisema mama yake, Bi Rabha, mshonaji mstaafu wa miaka sabini na moja. "Kitu cha magendo cha soko la Souk Melilia ukikinunua asubuhi, jioni kinakumbuka kwao."

"Kina miezi miwili, Mama."

"Basi hicho kimejitahidi."

Wakamwita Mwalimu Miloud wa ghorofa ya chini. Alikuwa amefundisha fizikia miaka thelathini, na tangu astaafu aliwawekea majirani Linux, ule mfumo wa bure ambao yeyote anaweza kuufungua aone umeshonwaje ndani. Aliusifia kama wenzake wanavyosifia timu ya mpira, na ilikuwa afadhali usimkaribishe chai kabla hajamaliza kazi. Alipanda na kandambili zake, akavaa miwani, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri.

Alianza mwanzo, kama daktari mzuri. Kadi ya mtandao ipo? Ipo. Programu ya kuiendesha imepakiwa? Imepakiwa. Kuna swichi iliyoifunga? Hakuna. Akasoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari, midomo ikimtembea. Mwisho akaiuliza kadi iko nchi gani, kwa kuwa kila nchi ina sheria zake za mawimbi na kadi haifungui mdomo kabla ya kujua iko chini ya sheria ya nani. Kadi ikajibu kwa herufi mbili: DZ.

"Inasema iko Algeria," alisema Mwalimu.

"Iambie iko Moroko," alisema Ikram.

Akaiambia. Kadi ikaipokea amri bila ubishi, na alipoiuliza tena ikajibu DZ.

"Aina hii haiamriwi, binti yangu. Inasikiliza hewa ya pale ilipo, halafu inajiamulia. Na ruta yenu iko kwenye masafa ambayo kwa sheria inazozifuata sasa ni marufuku. Ndiyo maana haitaki hata kuiangalia."

"Kwa hiyo imesikia vibaya."

"Au imesikia vizuri. Tuone."

Akaibeba kompyuta hadi kando ya jiko. Kadi ikasema MA, yaani Moroko, na mtandao ukarudi. Akaipandisha darini: MA. Chumbani kwa Ikram: MA. Mezani: DZ. Akashuka kwake akaleta kompyuta yake mwenyewe, ambayo kadi yake aliiamini kuliko alivyomwamini shemeji yake, nayo mezani ikasema DZ. Basi akaomba chaki. Bi Rabha akampa ile bapa ya ushonaji, na Mwalimu akachora mstari sakafuni, kutoka chini ya dirisha hadi mguu wa kabati. Akavua miwani.

"Kadi haina kosa," alisema. "Meza iko Algeria."

"Na jiko?"

"Jiko liko Moroko. Fanyia kazi kando ya jiko."

Ikram akavuta kigoda, akavuka, akaendelea na mabomba yake. Kwake yeye tatizo lilikuwa limekwisha. Lakini Bi Rabha alikuwa ameiacha karoti mkononi nusu imemenywa.

Dada yake, Kheira, alikuwa ameolewa Maghnia, upande wa Algeria, kilomita ishirini na saba kutoka jikoni hapo. Ndiye aliyemlea Rabha mama yao alipofariki. Alimsuka, alimchapa, alimfundisha kutia uzi kwenye sindano. Kisha, mwaka wa tisini na nne, mpaka wa nchi hizi mbili ukafungwa. Tangu hapo walionana mara moja tu, kule karibu na Saïdia, ambako ndugu husimama huku na huku ya bonde la mto na kupigiana kelele. Siku hiyo kulikuwa na upepo na Rabha hakusikia hata neno. Sasa Kheira alikuwa na miaka sabini na tisa, mapafu yamejaa maji, hatoki kitandani. Njia iliyobaki ilikuwa kupanda ndege hadi Tunis, kutoka Tunis hadi Oran, na kutoka Oran kurudi kwa teksi, na daktari wa moyo alikuwa amemkataza Bi Rabha ndege. Simu zilikuwepo, na picha zake za kutembea. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Bi Rabha alitaka jambo moja: kumkanda dada yake miguu kabla hajafa. Alilitaka hadi mikono ilimuuma.

"Mwalimu," alisema, "hapa nilipo niko Maghnia?"

"Uko Algeria, Bi Rabha. Mji kadi haiutaji. Muulize Houari waifai yao inaitwaje."

Houari, mwana wa Kheira aliyekuwa akimuuguza, alisema inaitwa Houari-2. Mwalimu akatazama orodha ya mitandao iliyosikika pale mezani. Houari-2 ilikuwa ya kwanza, mistari yake yote imejaa.

"Ukisikia nguvu namna hii," alisema, "ujue mmetenganishwa na ukuta mmoja tu."

Hapo mtu wasiyemwona akakohoa.

"Hicho kikohozi," alisema Bi Rabha polepole, "nimekisikia miaka yote nikishona hapa. Nilidhani ni cha jirani."

Akaegemea meza kwa viganja vyote viwili. "Dada."

"Nani anaita bila kupiga hodi?" ilisema sauti.

"Ni mimi, Rabha."

"Na hiyo cherehani ilikuwa yako? Nimemlaani jirani miaka kumi bure. Ingia basi, umechelewa."

"Siwezi kuingia. Mimi naishia mezani."

"Haya, kaa hapohapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Ikawa kila siku, tangu adhuhuri hadi alasiri, Bi Rabha yuko Algeria. Akinyoosha mkono kupita ukingo wa meza, mkono ulirudi Oujda na kugonga kabati; miguu ya Kheira hakuifikia. Lakini walizungumza. Waliwasengenya marehemu, waligombania upya mkufu wa mama yao, na Kheira alilalamika juu ya supu ya Houari, ambayo alisema hata paka huiomba msamaha kabla ya kuinywa. Ikram, kwenye kigoda chake, aliona midomo ya mama yake ikienda bila sauti, kwa maana sauti haikuvuka chaki. Akitaka kujua chumvi iko wapi, ilibidi aingie Algeria akaulize.

Ramadhani ilipokaribia, Moroko ilirudisha saa nyuma kama kila mwaka, meza ikabaki mbele kwa saa moja. Mwezi nao uliandama kule siku moja kabla. Ikram akavuka chaki na kikombe cha kahawa.

"Mama, leo bado ni Shabani."

"Kwako. Na hicho kikombe kirudishe kwenu, huku watu wamefunga."

Ni Kheira aliyeleta fitina. Siku ya kumi ya mfungo alisema haya anayoona ni aibu: mdogo anakuja kila siku na mkubwa harudishi hata ziara moja, watu watasemaje? Houari akampigia Mwalimu Miloud, na Mwalimu akamsomea amri zile herufi kwa herufi, mpaka Houari akawa anazunguka nyumba nzima na kompyuta mkononi. Ukumbini, chini ya mita ya umeme, kadi yake ikasema MA. Mahali penyewe palikuwa padogo, panatosha ngozi moja ya kondoo. Houari akaitandika ngozi, akamlaza mama yake juu yake, bila kumwambia Bi Rabha wala Ikram, ili iwe furaha ya ghafla.

Siku ile Bi Rabha alikaa mezani akasikia maji ya bomba yakidondoka katika nyumba tupu. Kheira naye alilala ukumbini kwake akisikia sufuria ya Rabha ikichemka bila mtu. Walipopigiana simu jioni, kila mmoja alikuwa na hasira kwamba amemkosa mwenzake. Walikuwa wamevuka wote wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja yuko nchi ya mwenzake, na mpaka uko palepale katikati.

"Mmoja abaki kwake," Mwalimu Miloud aliwaamua. "Hesabu haikubali vinginevyo."

"Atabaki yeye," alisema Bi Rabha. "Mgonjwa hatembei."

"Sawa," alisema Kheira, lakini alisema kwa mdomo tu. Rabha alimjua dada yake, akaipokea ile sawa hivyohivyo, maana hakuwa na nyingine.

Wiki ya pili baada ya Idi, Jumatano, saa saba mchana, Houari alipiga simu. Mama anavuta pumzi kwa shida, daktari amekuja ameondoka. Ikram alikuwa mjini amepeleka karatasi. Bi Rabha aliiweka simu kando ya jiko, akavuka chaki, akaketi.

"Dada, nimekuja."

Hakujibiwa. Akasema moyoni, amelala. Akasoma Yasini, akaimaliza, akaianza tena, kwa sauti ya chini asimwamshe. Simu ililia mara tatu upande wa jiko. Mlio wa Oujda haufiki Algeria, hakuusikia. Jikoni, upande wa Moroko, hapakuwa na mtu.

Ikram aliporudi alasiri aliikuta simu ikilia mara ya nne. Alimsikiliza Houari amesimama, kisha akavuka na simu yake mkononi, akamwambia mama yake. Kheira alikuwa amekataa kubaki kitandani. Alisema amechoka kungoja, apelekwe kwa Rabha, yeye ndiye mkubwa na ana deni la ziara. Houari alimlaza kwenye ngozi ya kondoo. Alikata roho saa nane, akiwa anaita hodi.

Bi Rabha alitazama upande wa jiko.

"Amekuja kwangu," alisema, "na mimi sikuwepo."

Akainuka, akavuka kwenda kando ya jiko, na huko akalia.

Walimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Ikram alimwambia mama yake avuke akae mezani, angalau awasikie wakimtoa.

"Dada yangu amekuja nyumbani kwangu mara moja tu tangu mpaka ufungwe," alisema Bi Rabha, "akakuta jiko tupu. Sitoki."

Alibaki anakanda unga wa kaak, zile biskuti za duara, mbegu za shamari zikimnasa vidoleni. Ikram akavuka peke yake, akaketi mezani kwa niaba ya mama yake. Alisikia wasomaji wakimaliza, kisha miguu ya wanaume wengi, mlango ukifunguliwa mbao zote mbili, sauti zikimtaja Mungu mmoja na kuondoka kidogokidogo. Aliporudi upande wa jiko, mama yake hakugeuka.

"Wamemtoa?"

"Wamemtoa, Mama."

Kutoka jikoni hadi makaburi ya Maghnia ni kilomita ishirini na tisa. Siku ile mvua haikunyesha, na barabara ilikuwa kavu, pana, haina gari hata moja.