Buletini ya Mwavita

Kesho masomo yangeanza, na Mwavita alikuwa hajarudi kutoka Wamaza. Nsimire na Djuma walipoachana, walipatana mbele ya familia zote mbili: mtoto asome Kasongo kwa mama yake, likizo aende kwa baba yake, mchimba dhahabu.

Tangu asubuhi, kila pikipiki iliposikika, roho ilimruka Nsimire. Labda mtoto ana malaria. Afadhali malaria kuliko lile asilotaka kuliwaza! Akajikaripia: Djuma hawezi kumwandikisha kule. Bila buletini, ile karatasi ya alama za mwaka uliopita, shule gani itampokea?

Hapo akakumbuka. Mwavita alikuwa wa kwanza darasani, na yeye mwenyewe, mjinga wa majivuno, aliitia buletini kwenye begi la mtoto ili yule mwanaume aone binti analelewa vizuri.

Pikipiki ikasimama. Alain, dereva aliyempeleka mtoto Wamaza, alikuwa peke yake.

“Mutoto iko wapi?”

“Iko muzima, Mama Mwavita. Papa yake ananituma niseme aksanti.”

“Aksanti ya nini?”

Alain akaangalia chini.

“Ya buletini. Na anaomba umupe iniforme yake ya masomo.”