Kipimo cha Kenga

Kaingu alikuwa karani wa mizani bandarini, na uzani akishauandika, umeandikwa. Kwa hiyo mkewe, Kadzo, alipoanzishiwa dawa kali na kukatazwa kunyonyesha, Kaingu aliichukua mwenyewe kazi ya kumpimia mtoto maziwa. Muuguzi alimwambia kwamba kila kilo ya mtoto inataka mililita mia moja na hamsini kwa siku. Mtoto huyo, Kenga, alikuwa na kilo nne. Kaingu akapiga hesabu, ikatoka mia sita. Akaigawa chupa sita za mia mia, akabandika karatasi ukutani jikoni, na ole wake atakayezidisha!

Wiki sita baadaye Kenga alikuwa akimaliza chupa na kuing'ang'ania tupu, akilia mpaka majirani wa mtaa wao wa Buxton wakaja kubisha hodi.

"Baba Kenga, mtoto ana njaa," Kadzo akasema.

"Njaa ya wapi? Si kipimo chake hicho?"

"Kipimo cha lini?"

Kaingu akaigeukia karatasi ya ukutani, akahesabu wiki. Asubuhi yake akambeba mtoto hadi kliniki, akamning'iniza kwenye mizani kwa mikono yake. Mshale ukapita nne, ukapita tano.

Miaka kumi na miwili alikuwa akipima magunia ya kahawa, na hakuna hata moja lililoongezeka baada ya kuandikwa.

Akamteremsha mwanawe, akamkumbatia kifuani.

"Niwie radhi, baba," akamwambia. "Nilikufanya gunia."