Rangi Haijakauka

Masha alikuwa fundi wa mabango Malindi mjini. Ukiona kuku mnene amechorwa kwenye ukuta wa kibanda cha chipsi, au simba nyuma ya tuktuk anayecheka badala ya kunguruma, jua mkono wake umepita hapo. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuchora mandhari kwa rangi za mafuta, zile za kukamua kwenye vijitubu, ambazo hukauka zinapojisikia. Mkewe Kanze humtania kwamba ameoa chupa ya tapentaini anayoyeyushia rangi.

Safari hii ni Kanze huyo huyo aliyemtuma kuchora. Mama yake, anayeishi peke yake Vitengeni, alikuwa ameanguka akaumia goti akitoka kuteka maji, ndoo kichwani. Kanze alilia, akabembeleza, akatuma mashangazi: mama ahamie kwao Malindi, mtaa wa Kisumu Ndogo, ambako maji yapo mlangoni. Mama Kanze akajibu kwamba yeye hawezi kuamka asubuhi akatazamana na mabati ya jirani. Atahama siku shamba lake litakapohama naye.

"Basi tutalihamisha," akasema Kanze. Akamfungashia mumewe rangi na brashi, akamwazimia pikapu ya kaka yake Jimmy, na kumwonya asithubutu kurudi bila mama.

Sasa, palikuwa na kikwazo. Mama Kanze alikuwa mtu wa mila kwelikweli, na kwa mila aliyolelewa nayo, mama hasemezani na mume wa bintiye hivi hivi, uso kwa uso. Wenziwe wa rika lake walikwishalegeza, wengine hata wanapigiana simu na wakwe zao wakacheka. Yeye aliikaza. Akiwa na neno kwa Masha hulipitisha kwa Kanze, na Kanze alikuwa amebaki mjini. Basi neno likapitia kwa mbuzi.

Alipofika Vitengeni, Masha aliketi kando ya jiko, akaanza kulichora bonde lenye shamba la mama kama alivyozoea kuwachorea wenye hoteli: kijani huku, kijani kule, mto mdogo ambao haujawahi kuwapo. Mama Kanze akaja akasimama nyuma yake, mbuzi kamshika kamba.

"Wee mbuzi," akasema, "hebu niulizie huyo mgeni, hilo ni shamba la nani? Maana langu halijaonja mvua sijui tangu lini."

"Mbuzi, mwambie mama nitarekebisha," akajibu Masha, macho chini.

Akachukua kisu akakikwangua kijani chote. Akaanza upya na rangi za udongo, na hapo akapigwa na butwaa. Siku zote alipopita huku alikuwa akiona ukame tu. Kumbe mabua ya mahindi yana rangi yake, njia ina yake, nyasi kavu zina yake, na kilima cha mbali kina zambarau ambayo ilibidi aitafute kwa kuchanganya kijitubu baada ya kijitubu. Alifurahi hadi akasahau kula.

Mama Kanze hakufurahi. Kesho yake kichuguu kilikuwa kidogo mno. Kesho kutwa mkwaju ulikuwa umeinamia upande usio wake. Kisha njia ya kwenda kuteka maji ilikuwa imenyooka kupita kiasi, nani kasema njia ya hapa imenyooka, mbuzi? Rangi ya mafuta ina wema wake: ikiwa mbichi unaikwangua ukaweka nyingine. Mama Kanze aliugundua wema huo, akautumia vibaya. Ndipo Masha alipong'amua kwamba tatizo halikuwa kichuguu. Picha isipokwisha, hakuna kuhama. Roho ikamuuma, kwa maana alimwelewa, na huku kila jioni alikuwa akimwona akipanda kizingiti kwa kushika ukuta.

Hatimaye akajipa moyo. "Mbuzi, mwambie mama picha imekwisha."

Mama Kanze akaitazama weee. "Haijakwisha," akasema. "Moshi wa Trizah uko wapi?"

Trizah alikuwa jirani wa ng'ambo ya bonde. Kila asubuhi huyu hutafuta moshi wa jiko la yule, na yule wa huyu. "Siku niliyoanguka hakuuona wangu," akasema Mama Kanze. "Akaja mbio bila hata viatu. Huko mjini, mbuzi, nani atautafuta moshi wangu?"

Masha akachukua rangi ya kijivu kidogo kwenye ncha ya brashi, akaupandisha moshi taratibu juu ya paa la Trizah. Ukatulia mahali pake. Mama Kanze akajifuta macho kwa leso.

"Mbuzi," akasema Masha, "mwambie mama rangi hii haitakauka leo wala wiki hii. Nikiilaza nyuma ya gari, vumbi litaila, na moshi ndio utakaotangulia kufutika. Anatakiwa mtu wa kuipakata mpaka Malindi."

Yote yalikuwa kweli. Ila hakutaja sanduku lake la kubebea picha mbichi, ambalo alikuwa amelisukumia chini ya kiti cha gari.

Wakati huo Trizah akawa amefika kujionea. "Ule ndio moshi wangu? Mbona mwembamba, kama sipiki ugali wa maana!" Akacheka, kisha akamshika shoga yake mkono. "Nenda ukatibiwe goti. Nitakupigia simu kila asubuhi, na siku usiposhika, nakuja huko huko Malindi, bila viatu. Mbuzi niachie."

Wakaondoka. Mama Kanze aliketi mbele, fremu kaishika kingo kwa vidole, na barabara ikaanza kuwarusha. Akageuka kushoto, akageuka nyuma, akitafuta wa kumtuma. Hapakuwa na mtu, wala mbuzi. Gari likaruka tena.

"Masha, mwanangu," akasema. "Pole pole. Utaniharibia moshi wa Trizah."

"Naam, mama," akajibu Masha, akapunguza mwendo.