Maua ya Ardith Kolar

Maua ya Ardith Kolar yalikuwa yamejikunja majani kama viganja vinavyokinga maji, na kila aliyepita barabara ya changarawe kwenda mjini alikuwa na lake la kusema.

"Kayaua mwenyewe yule mama," alisema Leland asubuhi ile mkahawani, akitikisa kikombe cha dadu. Anayeshindwa dadu hulipia meza nzima kahawa. "Kachoka kulipwa na serikali kupanda maua ya kulisha nyuki. Anataka kulima mahindi."

"Atalima na nani, na paka wake?" mwenzake akadakia.

Meza ikacheka. Verlyn Hruska naye akacheka. Uvumi huo ulitoka kinywani mwake yeye, juma lililopita, hapo hapo mezani. Aliutupa kama utani, kabla mtu hajauliza ni nani mwenye soya ng'ambo ya uzio, na alinyunyizia dawa ya magugu siku gani. Wala hakuna aliyemshuku. Verlyn ndiye aliyekuwa akiwahubiria wenzake wasinyunyize dawa upepo ukivuma.

Siku ile ya kunyunyiza aliuona upepo. Bendera ya posta ilikuwa imenyooka kama ubao. Lakini dawa ilikwisha kuchanganywa tangini, na jioni mjukuu wake alikuwa na mechi. Akajiambia, ni kipande kidogo tu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Ardith na sahani ya kolache, maandazi yenye jamu ya plamu katikati. Meza ikamkodolea macho kama darasa lililofumaniwa.

"Kuleni basi, msinitazame kama nimefufuka." Akamgeukia Verlyn, akashusha sauti. "Jirani, afisa wa ruzuku anakuja leo. Akiamua kwamba nimeyaua makusudi, mkataba unavunjwa, na nitarudisha kila walichonilipa tangu mume wangu Emil angali hai. Hapo shamba linauzwa. Wewe ulikaa kwenye kamati ya kaunti, wanakuamini. Njoo usimame nami."

"Nisimame niseme nini, Ardith?"

"Kwamba mimi si mtu wa hivyo."

Akamwekea kolache mkononi. Verlyn hakuweza kuila. Aliifunga kwa karatasi, akaitia kwenye mfuko wa shati.

Afisa alikuwa binti mwenye viatu vya mpira na maneno machache. Alitembea taratibu kutoka nyumbani kwa Ardith hadi uzioni, akichuma jani hapa na pale. Karibu na nyumba majani yalikuwa mazima. Kadiri walivyosogea ndivyo yalivyozidi kujikunja, na uzioni palibaki vijiti vya kahawia. Verlyn alifuata nyuma yao. Aliisoma hukumu yake katika majani yale kabla ya binti kufungua kinywa.

"Kuna anayekumbuka upepo ulitoka wapi juma majani yalipoanza kujikunja?"

"Mimi sikuwepo," alisema Ardith. "Nilikuwa Omaha, namuuguza dada yangu. Lakini muulize mzee huyu. Kwa mambo ya upepo hana mpinzani."

Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayemsifia ndugu yake.

Ng'ambo ya uzio, upande wa kusini, soya za Verlyn zilisimama mistari minyoofu, bila gugu hata moja. Alivua kofia. Upara wake mweupe haukuzoea jua.

"Kusini," alisema.

Binti akageuka kutazama kusini. Ardith hakugeuka. Alikuwa akitazama mfuko wa shati la jirani yake, mahali plamu ilipokuwa ikilowesha kitambaa. Akatoa leso yake, akanyoosha mkono nusu, kisha akabaki ameishika.