Moyo Chini ya Mkorosho

Mwantumu alisoma vizuri zaidi akiwa ameshika fagio. Akifungua kitabu mezani, macho yalibaki kwenye mstari mmoja na akili ikaondoka zake. Ilipita Chiola kwao, ikazunguka kwenye mashamba ya ufuta, ikarudi jioni mikono mitupu. Lakini akiinama chini ya mkorosho, majani makavu yakisema shwaa, shwaa, maneno yaliyolala kichwani yaliamka moja moja na kukaa mahali pake.

Ndiyo maana alianza kuchora.

Huku Likunja alikoolewa, kabla korosho hazijaanza kudondoka, sharti chini ya kila mti pafagiliwe pawe peupe kama uani. Mama mkwe wake, Bi Hadija, hakuwa na mchezo kwa hilo. Siku Mwantumu alipoomba kwenda masomo ya jioni, aufanye ule mtihani wa kidato cha nne aliouacha kwa sababu ya mimba, Bi Hadija alilitazama kwanza fagio ndipo akamtazama yeye.

"Nenda, sikukatazi. Ila siku nitakayoona shule imeingia shambani kwangu, hayo madaftari utawashia moto wa ugali."

Yunusi, mumewe, anayeendesha bodaboda Ruangwa mjini, aliishia kucheka. "Mama akishasema, mimi nami ni abiria tu."

Sasa shule ilikuwa imeingia shambani kwa miguu yote miwili. Kila alipomaliza kufagia shina moja, Mwantumu aliokota kijiti akachora mchangani: ua, jani, jicho la mtu. Kisha alifumba macho, mwanawe Hamidi amelala mgongoni, akayasema yote kwa sauti ndogo. Akikosea, anafuta kwa unyayo na kuanza upya. Maua ya mikorosho yalinukia utamu mzito, umechanganyika na salfa, dawa ya mikorosho waliyopulizia juzi, na katika harufu hiyo alijiona ameketi ukumbini, kalamu mkononi, karatasi nyeupe mbele yake haimtishi. Akizinduka hupitisha fagio, mchoro ukapotea, shamba likabaki shamba.

Ni moyo uliomshinda. Damu inaingia kulia, Mwalimu Felisian wa masomo ya jioni alisema, inatokea kushoto. Lakini kila Mwantumu alipochora, kulia na kushoto vilibadilishana mahali kama watoto wanaomtania. Na jaribio la moyo lilikuwa jioni inayofuata. Alichora mkubwa, chini ya mkorosho ulio mkongwe kuliko yote, akaweka mishale. Alikuwa bado anaukodolea macho, Hamidi alipoanza kulia kwa njaa. Akaondoka mbio kwenda nyumbani. Mchoro akausahau.

Kesho yake alasiri Bi Hadija alirudi kutoka shambani bila ndoo yake.

"Mama, vipi tena?"

"Shamba limechezewa."

Nyuma yake alikuja jirani, Baba Silvanus, akikokota baiskeli. Alikuwa amepita kuulizia mabibo ya msimu huu yataiva lini, na sasa alikuwa na habari tamu kuliko mabibo.

"Nimeliona hilo dude kwa macho yangu, Mama Yunusi. Kama kibuyu, lina mikia huku juu. Na mishale! Mmoja unaelekea huku kwako."

"Kwangu?"

"Kwako. Na mwingine kwangu. Ndiyo maana kiuno kinaniuma tangu asubuhi."

"Kiuno kinakuuma tangu mwaka juzi, Baba Silvanus."

"Basi walianza mapema."

Bi Hadija hakucheka. Aliketi kwenye kigoda akasema hakuna atakayekanyaga shamba lile mpaka aitwe mtaalamu wa kuondoa uchawi kutoka Mbwemkuru. Mwantumu alikuwa ananyonyesha. Maziwa yalikuwa kama yamekatika. Akinyamaza tu, akaenda baadaye na fagio, mambo yamekwisha, na jioni anaingia darasani. Lakini Bi Hadija alikuwa amekishika kifua, midomo imemkauka. Ana presha yule mama, na vidonge vyake huvimeza siku akivikumbuka.

"Mama, ni mimi."

"Wewe ndiye mchawi?" Baba Silvanus aliruka nyuma ya baiskeli yake.

"Ni mimi niliyechora. Ni masomo."

Bi Hadija aliinuka taratibu, akajifunga upya kanga.

"Twende."

Walikwenda watatu, Mwantumu na Hamidi mgongoni na daftari kwapani, Baba Silvanus akibaki nyuma, baiskeli ameigeuza kabisa upande wa njia ya kurudi. Chini ya mkorosho mkongwe vijiua vya rangi ya waridi vilikuwa vimedondokea mchoro usiku kucha, ukawa kama umetariziwa.

"Ni nini hiki?"

"Moyo, Mama."

"Wa nani?"

"Wa mtu yeyote. Wako. Wangu."

Bi Hadija aliutazama sana. "Nieleze, basi. Ukinibabaisha, nitajua ni shule ya kuharibia watu mashamba, na inakwisha leo."

Mwantumu alifungua mdomo, kulia na kushoto vikaanza mchezo wao. Akatandika kanga pembeni ya mchoro, akamlaza Hamidi aliyekuwa amesinzia, chali, uso juu, ili angalau mikono iwe huru. Akasimama miguuni pake. Upepo ukapita, vivuli vya majani vikacheza kwenye kifua cha mtoto na kwenye moyo wa mchanga, na kwa kitambo hakujua kipi kinadunda. Mkono wa kulia wa Hamidi ulikuwa upande wa kushoto kwake yeye anayemtazama. Kumbe! Mchoro ni mtu aliyelala, anakutazama.

Maneno ya Kiingereza ya kitabuni aliyaacha yapite. Alisema kwa Kiswahili, na Bi Hadija alipokunja uso, akatia Kimwera chake cha kuokoteza.

"Damu inarudi imechoka, Mama, kama watu wanaotoka shamba. Inaingilia huku, kulia kwa mtu. Inapelekwa mapafuni ivute pumzi. Inarudi kushoto, hapa, ndipo inasukumwa mwili mzima. Na katikati kuna milango, inafunguka upande mmoja tu. Ule mdundo unaousikia ni milango inafungwa."

Bi Hadija aliweka kiganja kifuani, akasikiliza. "Kumbe ni milango." Kisha polepole, "Na presha yangu?"

"Njia zimebana, chumba hiki kinasukuma kwa shida. Vidonge ndivyo vinavyokipumzisha."

"Na huu mshale hauji kwangu?" Baba Silvanus aliuliza kwa mbali.

"Unakwenda mapafuni, Baba."

"Afadhali."

Bi Hadija alichukua fagio. Mwantumu alijua sasa unafutwa. Lakini mama yule alifagia vijiua pembeni, akauzunguka moyo wote, akauacha katikati.

"Kesho utachora nini?"

"Figo."

"Utanieleza. Usiponieleza, moto wa ugali uko palepale." Akamwinua Hamidi. "Nenda sasa, jua linashuka."

Mwantumu aliondoka na daftari lake kwapani, katikati ya mikorosho iliyopakwa dhahabu na jua la jioni, na kila shina alilopita lilimpa kitu chake: ua, jani, jicho. Hakuhitaji kufumba macho. Alikuwa ameshafika njiani aliposikia sauti ya mama mkwe nyuma yake, kali, ya mtu aliyeshika fagio:

"Iliyochoka inaingilia kulia, Baba Silvanus! Kulia kwa mtu, si kulia kwako! Njoo usimame huku!"