Ngazi za Pimamaji

Fundi mmoja mwashi walimwita Pimamaji, kwa kuwa hakulaza tofali bila kuliwekea pimamaji, kile kipimo cha usawa, hata liwe la banda la kuku. Mto ulipofurika ukazoa mtaa mzima na watu wakahamia kwenye mahema uwanjani, mratibu wa kambi hakuhangaika kutafuta fundi mwingine. Ardhi ilikuwa chepechepe. Ukichimba kidogo tu, maji yanakutazama. Basi Pimamaji akavijenga vyoo juu ya jukwaa la zege, na ngazi za kupandia, na kuta zilizonyooka hadi mratibu akampigia makofi mbele za watu. Kichwa kikamvimba.

Mama mkwe wake aliishi hema moja naye, mkewe na mtoto wao. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni, na kiti chake cha magurudumu kilikwenda na maji. Mwenyewe aliokolewa mgongoni mwa binti yake. Kambini binti huyo alishinda kwenye foleni: ya maji, ya unga, ya dawa ya mtoto. Kila alipomuuliza mama kama anataka kwenda haja, jibu lilikuwa lilelile.

"Nimeshakwenda, mwanangu. Wahi foleni yako."

Chakula alikigusa kwa ncha za vidole, kikombe cha maji akampa mjukuu. "Nimefunga," alisema.

Pimamaji akamsifu kwa majirani. "Mcha Mungu, jamani, na hana usumbufu. Unaweza kusahau kama yumo hemani."

Naye alisahau kweli.

Mchana mmoja wa jua kali mama akazirai. Pimamaji na mkewe wakambeba kwa shuka hadi hema la zahanati. Muuguzi alipoivuta ngozi ya mkono wake, ilibaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa.

"Huyu amekauka. Baba, hebu tupishe kidogo, niongee na mama."

Pimamaji akatoka. Lakini turubai si ukuta.

"Mama, maji yapo. Kwa nini hunywi?"

"Nikinywa, nitatafuta choo. Choo kina ngazi, mwanangu. Nilikwenda mara moja, nikapanda kwa mikono. Sakafu imelowa mambo ya wenzangu, nami natambaa juu yake, na watu wamepanga foleni. Nikasema basi, heri nisiwe na haja."

"Mama!" binti akalia. "Si ungeniambia nikubebe!"

"Ungenibeba mara ngapi, na mgongo huo? Nyamaza. Na mumeo asijue. Kazi yake ile anaipenda, ataumia."

Kule nje uso wa Pimamaji ukawaka moto. Alikuwa anajua. Siku hiyo alikuwapo, akipiga lipu ukuta wa nyuma. Alimwona mkwewe akitambaa, gauni limelowa, akageuka kuutazama ukuta. Alijiambia ni heshima, mtu hamtazami mama mkwe katika hali ile. Kisha akaendelea kulainisha lipu iliyokwisha kulainika.

Akaenda moja kwa moja kuchukua nyundo kubwa, akazivunja ngazi.

"Fundi, umepagawa?" foleni ikapiga kelele. "Wengine tumebanwa huku!"

Mratibu akaja mbio. "Saruji imekwisha! Na watu wa hali ile ni wachache mno hapa. Mimi sijawaona."

"Hata mimi sikuwaona," Pimamaji akasema, "na mmoja ninalala naye hema moja."

Kifusi akakishindilia kikawa mteremko, juu akatandika mbao. Mama alipopata nguvu, akaletwa kwa kiti cha zahanati kuujaribu. Katikati kiti kikarudi nyuma, muuguzi akakidaka.

"Mkali huo, baba. Urefushe," mama akasema. "Na mlango huo ataingia nani, mimi au kiti?"

Akabomoa tena. Safari hii aliuliza kila kitu: kishikio kiwe wapi, mlango ufungukie upande gani. Aliuliza akitazama chini, naye mama akajibu akitazama chini.

Kazi ilipokamilika wakajitokeza watu asiopata kuwaona: mzee wa magongo, dada kipofu aliyeshika bega la mdogo wake, mwanamke aliyebeba mtoto mkubwa ambaye shingo yake haikazi. Wote walikuwa kambini tangu mafuriko.

"Mungu akupe, fundi," mzee akamwambia.

Kila shukrani ilimchoma. Jioni akaketi kando ya mama mkwe wake.

"Mama, siku ile nilikuwa nyuma ya choo. Nilikuona."

"Najua, baba. Nilikiona kisogo chako."

Akangoja aambiwe si kitu, yamekwisha. Hakuambiwa.

"Bomba la maji," mama akasema hatimaye, "wamelizungushia ukingo wa tofali. Yule mzee wa magongo halifikii. Kesho twende wote ukaone."

"Sawa, mama," akajibu, na uso wake hakuuinua.