Kambale Wote Bila Sura

Vita vilimtoa Mama Mbambu Lubero na kumtupa Lubumbashi, katika chumba kimoja cha mtaa uitwao Kenya. Mwanawe Kambale alibaki nyuma kulinda duka la maharagi, kisha duka likaporwa na simu yake ikanyamaza. Kama yu hai au la, hakuna aliyejua.

Ndipo parokia ikamwomba Aristote, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Hewa Bora, atengeneze ukurasa wa intaneti wenye picha za wakimbizi waliosalimika kule, na chini ya kila picha jina na namba ya simu. Mama Mbambu akaufungua. Majina yalikuwepo. Mahali pa sura palikuwa na vimraba vitupu, kama madirisha ya nyumba iliyohamwa.

Akampigia Aristote.

"Kwangu picha zinaonekana bien, mama. Telefone yako njo mugonjwa. Lakini majina si iko? Soma jina tu."

"Mwanangu, kwetu Wanande mutoto mwanaume wa pili ni Kambale. Kwa kila mama. Hapa niko na Kambale wa kujaza lori."

Akaanza kuwapigia. Kambale wa kwanza alikuwa mzee, akamwombea baraka ndefu. Wa pili alimwita chérie, yaani mpenzi, kabla hajajitambulisha. Wa tatu alikubali haraka kwamba ni mwanawe, akauliza atatumiwa nini.

Akaizima simu, akaiwasha, akaipangusa kwa ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga. Akaazima ya jirani yake Honorine: vimraba vilevile.

"Basi telefone zote za Kenya zimeugua pamoja," akasema, akapanda pikipiki mpaka Hewa Bora.

Kwenye kompyuta ya Aristote sura zilijaa tele. Mama akaweka simu yake kando ya mashine. Aristote akatazama huku, akatazama kule, akajikuna shingo.

"Pardon, mama. Niliambia ukurasa ukatafute picha humu ndani ya mashine yangu. Sikuzipandisha kwenye intaneti. Njo maana naziona miye peke yangu."

"Kumbe ulikuwa unatazama batoto betu peke yako."

"Sogea kidogo nizipandishe, ba mama bengine banangojea."

Hakusogea. Kidole chake kilikuwa kimegota kwenye kioo, juu ya kijana aliyekonda, koti jeusi likimzidi mabega. Akapiga namba iliyo chini yake, machozi yakimtiririka.

"Allô?"

"Kambale," akasema taratibu, "nani alikupa ruhusa ya kufungua sanduku yangu na kuvaa koti ya marehemu baba yako?"

"Mama, kulikuwa baridi."

"Basi uivae," akasema Mama Mbambu, na ndipo akasogea.